Zamu ya Maji

Shangazi Ndelilio ameacha sukari.
Tangu Kwaresima ni chai kavu,
ndizi mbivu anawagawia watoto wa jirani,
uji anaukoroga tu, aonekane ana kazi.
"Nakishindisha njaa hiki kidudu," ananiambia,
mkono kwenye titi la kushoto,
"kitangulie chenyewe."

Mimi ndiye niliyekikata kipande chake,
chembamba kuliko ganda la kitunguu,
nikakitia rangi, nikakiweka chini ya darubini
hapa maabara, Moshi, saa nane mchana,
jua likipiga mabati ya soko la Mbuyuni.
Jina lake lilikuwa kwenye lebo. Nililisoma mara tatu.
Ndipo nikatazama.

Askari walikuwepo, shangazi. Usidhani hawakuja.
Walijaa pembeni, wengi,
kama watu waliofika msibani wakakuta mlango umefungwa.
Wachache waliingia.
Waliingia, wakaketi.

Nikuelezeje, wewe uliyenifundisha kuusoma mfongo,
kujua kwa sauti ya maji tu nani amefungua, nani amefunga?

Unamkumbuka Kirikaeli wa shamba la juu,
alivyoamka usiku wa manane, zamu si yake,
akaziba njia kwa tope na magome ya mgomba
maji yote yageukie kwake?
Huku chini kahawa ikakunja majani.
Na vijana waliotumwa wakamkamate
walifika koo zimekauka,
hawana hata mate ya kupigia yowe.

Hicho ulichonacho ni Kirikaeli.
Kinakunywa sukari yote ya njia.
Wala hakiichomi mpaka mwisho kama jiko lenye adabu;
hata pale hewa ilipo tele, kinaichachua mbiombio,
mbege ya mwenye pupa,
na uchachu kinaumwaga nje, mlangoni.
Uchachu huo ndio unaolevya.
Aliyekuja na mkuki anausahau mkuki.
Wale walaji wakubwa, ambao kazi yao ni kumeza uchafu,
wanaonja, wanalegea, wanavua makoti,
wanaanza kumshonea mwizi uzio,
wanamchimbia mfereji mpya.
Tena wapo wasuluhishi,
waliozaliwa kutuzuia tusijipige wenyewe:
kwao uchachu ni chakula.
Wananenepa nao, wanapita wakisema,
"Basi, basi. Rudini nyumbani."

Sasa wewe unakata maji kwenye chanzo.
Unadhani Kirikaeli ndiye atakayelala na kiu?
Yeye yuko juu, shangazi. Yeye hunywa kwanza.
Ya akiba atayavuta, ya misuli yako atayavuta,
tazama pete inavyocheza kidoleni.
Watakaokosa ni wale vijana.

Mimi si daktari, na mengi siyajui.
Dripu ya kwanza ni Jumanne.
Wapo watu, mbali na hapa, wanaotafuta namna
ya kumfungia lango yeye peke yake,
wengine wote wanywe.
Hawajamaliza. Sitakudanganya kwamba wamemaliza.

Nikafungua hotipoti.
Mtori, nimeupika mwenyewe, umeshika chini kidogo,
nyama nimeiponda kama upendavyo.

Hakujibu. Aliangalia dirishani,
upande ambao Mlima ungekuwepo kama si mawingu.
Akachukua kijiko, akaonja, akakunja uso.
"Chumvi umetia ya kulambisha ng'ombe," akasema.

Kisha akala.
Nilivihesabu: vinne.
Kila kimoja nilikisindikiza kwa macho kikishuka,
nikisikiliza, kama mjinga,
kama nitasikia mahali maji yanapogeuka.

Cha tano kilikaa hewani muda mrefu.