Swali la Kumi na Saba

Namatala, Mbale. Mvua ya jana bado imo njiani,
imelala ndani ya nyayo za ng'ombe
kama mpangaji asiyelipa.
Nina kishikwambi cha serikali, chaki mfukoni,
na fulana ya manjano inayonitangulia kila kona:
watoto huiona kabla hawajaniona mimi.

Kila mlango niuhesabuo nauandikia namba.
Mama Khainza alinitazama nikiandika, akauliza,
"Hiyo chaki si ndugu yake ile rangi nyekundu?"
Hapana, mama, hii ni ya kujua tu.
"Hata ile walisema ni ya kujua."

Basi nikauliza.
Ukuta: udongo. Paa: bati, limezibwa kwa gunia na lami.
Choo: cha pamoja, milango tisa, ufunguo mmoja,
nao ufunguo alikuwa nao Wepukhulu,
na Wepukhulu alikuwa Tororo.
Kodi: elfu arobaini kwa mwezi.
Kipato?

Hapo alicheka mpaka ungo ukamtoka mapajani.
Yeye hufagia mchele vinuni,
punje zinazoikimbia mashine zikaangukia vumbini.
"Kinu kikinguruma nina pesa.
Umeme ukikatika nina ufagio."

Semina ilitufundisha, baina ya chai na mandazi,
kwamba nyumba ni nafuu
kodi isipozidi thuluthi ya kipato.
Nikamweleza thuluthi.
Alichota punje, akazipanga mafungu matatu unguni:
"Hili la mwenye nyumba.
Hili la mwenye nyumba.
Hili nalo anadai ni la mwezi uliopita."
Kisha akazichanganya tena, akaendelea kupepeta.

Chumba cha mwisho, karibu na mto.
Swali la kumi na saba:
*Ni watu wangapi hulala humu usiku?*
Okiring, fundi baiskeli, akasema: mmoja.
Nikaandika.
Nyuma yangu akasimama Lokwang na rungu lake,
macho yakiwa na usiku mzima ndani yake.
"Na mimi?"
Wewe hulala lini?
"Mchana. Usiku nalinda mchele wa watu."

Mwaka wa pili huu wamekodi godoro moja.
Hawajawahi kulala pamoja, hawajala pamoja.
Hukutana hapa mlangoni saa kumi na mbili,
asubuhi na jioni,
hupokezana ufunguo, huulizana habari ya mvua.
Jumapili, siku ya Okiring kupumzika,
Lokwang hukaa ukutani nje
akisinzia kama shati lililoanikwa.

Nikafuta moja, nikaandika mbili.
Kishikwambi kikakataa, kikageuka chekundu:
swali linahusu usiku.
Nikampigia Bi. Nambozo, msimamizi.
"Andika mmoja," alisema. "Tutasafisha takwimu ofisini."
Kusafisha.
Nikamtazama Lokwang, doa refu lenye viatu vya mpira,
akingoja nimalize ili alale.

Najua kinachotakiwa huko juu.
Wanataka namba moja yenye sifuri nyingi,
nyumba zinazopungua nchini,
waiweke juu ya meza ya bajeti
na kila wizara iisogeze kwa mwenzake.
Siilaumu namba. Bila namba hakuna anayejenga hata choo.
Lakini namba hiyo nami nimo ndani yake,
kidole changu ndicho kilichobonyeza *mmoja*.

Mwisho wa fomu kuna sehemu ya maoni, herufi mia,
ambayo semina ilisema hatulazimiki kuijaza.
Nikaomba kuketi niandike.
Pa kuketi palikuwa pamoja tu.
Okiring alikuwa ameinuka sasa hivi,
na Lokwang alikuwa anafungua kamba za viatu.

Niliandika: *Godoro halijapoa.*

Kikakubali.
Huko nje binti yake Khainza, kitambaa kibichi mkononi,
alikuwa ameshafuta namba tatu
na anaijia ya nne.