Kipupwe, Mabayani

Masika yamehama usiku, kama mpangaji
mwenye deni la miezi miwili.
Asubuhi bwawa linafuka,
na kigingi cha kupimia maji
kimeanza kuonyesha kiuno chake cha tope.

Nyamvula amejifunga kanga mbili:
ya chini yake, ya juu ya dada yake
aliyeolewa Muheza akaisahau msumarini.
Anahesabu alama kwa kidole.
Miwani anayo Semhando, tangu msiba ule,
na aibu ya kuidai anayo yeye.

“Kumi na moja,” anamwambia mjukuu.
Mtoto anapuliza vidole, anaandika kumi.
Hamsahihishi.
Kesho yatakuwa kumi kweli.

Batamaji wamerudi sita.
Ng'ambo, kwa kina Shekivuli, mahindi yamegoma kukauka,
moshi wa jikoni umelala juu ya paa
haujui uende wapi.

Anainama, anachota kiganja kimoja,
ananawa uso, meno yanagongana.
“Haya, twende uji usipoe.”

Huko Tanga mjini, Chumbageni labda,
mtu atafungua bomba, atarudisha mkono,
atasema tu:
loh, maji ya leo.