Sijauliza Bado

Asubuhi ya kwanza programu yangu ilisoma duka zima:
vipuri elfu arobaini na mbili, kimoja kimoja,
kutoka diski nzee iliyokohoa chini ya meza,
na wateja wa Barabara ya Kirinyaga
wakasimama kaunta dakika kumi na moja
wakitazama mstari wa buluu ukitambaa.
Bwana Virdee hakugomba. Alisema tu,
"Binti, nani amekuuliza yote hayo?"

Nikaenda kukaa ghalani na aibu yangu.
Nzioka alikuwa kwenye kiti cha plastiki,
mkate mkononi, chai sakafuni,
kichwani hana bei hata moja.
Mtu akisema, "Beringi ya nyuma, Toyota DX,"
ndipo anaweka mkate, anapanda ngazi,
anasoma kibandiko, anashuka,
anaandika kwenye daftari lenye madoa ya grisi:
jina kushoto, bei kulia.
Wa pili akiulizia ile ile, haondoki kitini.
Analamba kidole, anafunua, anasoma.
Ikifika saa sita magoti yake yamepumzika
na nusu ya haja za mtaa zimo daftarini.

Nikafuta kile kitanzi kirefu.
Mistari minne ikatosha:
ufunguo ukiitwa, tazama jedwalini;
ukiwepo, rudisha thamani yake;
usipokuwepo, nenda diskini, leta, weka,
kisha rudisha kana kwamba ulikuwepo tangu jana.
Kompyuta ikaamka kufumba na kufumbua,
haijui lolote, wala haioni haya.

Kisha shilingi ikateleza.
Waliosema akiba haiozi
hawakuwahi kuuza klachi dola ikipanda.
Jedwali langu lilitaja bei ya Jumatatu siku ya Ijumaa,
sauti ile ile, bila kigugumizi,
na Bwana Virdee akapoteza elfu sita kwa adabu.
Nikaipa kila thamani saa yake ya kufa.
Nzioka alichukua kalamu nyekundu, akakata, basi.

Ila palikuwa na fundi Rapando, wa Kariokor.
Kila Alhamisi: "Gasketi ya Pijo 404, ipo?"
Nzioka anapanda. Anashuka. "Hakuna."
Alhamisi nyingine, anapanda.
Nilihesabu safari kumi na tatu.
Daftari halikuandika kitu, maana hapakuwa na kitu,
na kwa kutoandika, kila wiki likasahau linachokijua.
Skripti yangu nayo ilikuwa na ugonjwa huo huo:
ikikosa, inarudi diskini, inakosa, inarudi,
kama mtu anayepapasa mfuko wenye tundu.

Nikatengeneza ya kwangu, nikamfuata na ya kwake.
"Kaka, hakuna nalo ni jibu. Liandike.
Ukurasa mtupu ni sijauliza bado.
Niliuliza, sikupata: hilo ni jambo jingine.
Usivichanganye."

Alimaliza chai kwanza.
"Nikiandika hakuna, sitapanda tena.
Nisipopanda, siku ikiwepo nitajuaje?"
"Lakini magoti yako."
"Magoti ni yangu."

Nikakumbuka namba moja katika simu yangu
niliyoiandikia hakuna mwaka juzi
baada ya kuita mara mbili bila kupokewa,
na tangu hapo, kila jina lile likinijia,
jibu ninalo tayari. Sipigi.

Msimbo ungali unafanya kazi.
Unahifadhi kilichopo, unahifadhi kisichokuwepo,
isipokuwa ufunguo mmoja: huo, kila ukiulizwa,
unatumwa diskini upya, bure, polepole.
Atakayerithi kazi hii atadhani nilisinzia.
Nimemwachia maelezo pembeni:
mstari huu ni wa Nzioka, usiuguse.

Gasketi haijapatikana.
Leo Alhamisi. Nasikia ngazi ikilia,
na simu iko mezani, uso juu.