Nusu Dozi

Kibaigwa, saa kumi na mbili na robo.
Nafagia vumbi la mahindi lililolala kizingitini
kama mgeni asiyejua kuaga.
Malori yamekesha sokoni, maturubai yamelegea,
na mteja wa kwanza keshafika, kitenge kifuani,
kiganjani sarafu ya mia tano iliyolowa jasho.

"Nipe rangi mbili. Viwili tu."
Vya nani, bibi?
"Vya mjukuu. Kikohozi. Wewe nipe."

Kazi yangu huanzia hapa,
si kwenye cheti kinachopauka ukutani,
si kwenye trei ya kuhesabia.
Huanzia kwenye mia tano.

Maana nusu naijua. Nimewahi kuiuza.
Mzee Malogo wa Pandambili alitaka vidonge vya mseto kumi na viwili
badala ya ishirini na vinne:
"Homa ikishuka, vingine nimlishe nani?"
Nikamkatia. Nikapokea noti, nikarudisha chenji.
Homa ikashuka, ikapumzika siku tano,
ikarudi na jamaa zake.
Tulimpakia juu ya magunia ya alizeti hadi hospitali ya Kongwa.
Alipona. Lakini mpaka leo akinisalimia
huitikia nikitazama viatu vyake.

Bibi Sechelela anafungua fundo la kitenge,
anatoa kadi ya bima, ingali ndani ya nailoni.
Walisema mkutanoni: kadi moja, watu sita, afya kwa wote.
Naigeuza, nasoma jina kwa jina.
Kadi hii, bibi, kwangu ni picha tu.
Inafanya kazi kule kituoni.
"Kule nilikwenda jana, kikiwa kikohozi tu.
Wakaniandikia, wakasema dawa imekwisha, kanunue dukani."

Basi ndivyo tulivyo:
kule kuna haki, dawa hakuna;
huku dawa ipo, haki imesimama nje juani.
Kati yetu hatua mia tatu,
na daraja ni bibi, anakwenda, anarudi,
kandambili zinalika kisigino.

Mimi bima yangu ni daftari la kaunta.
Mbeleje, chumvi ya maji mbili na zinki, atalipa akivuna.
Mama Nhonya, mafuta ya macho, watoto watatu: nimekata, alileta tetea.
Dereva wa Singida, shati la bluu: sijakata, sitakata.
Duka la jumla kule Dodoma mjini
hawapokei tetea.

Nauliza tena: mtoto anapumuaje?
Hajibu kwa maneno. Anashika ukingo wa kaunta,
ananiigizia:
mbavu zake kuukuu zinaingia ndani,
zinatoka, zinaingia, haraka, haraka,
mpaka simwoni tena yeye.

Nafunga duka, soko ndiyo kwanza linachemka.
Wateja watatu wanaguna nyuma yangu.
Tunampitia mtoto kwa jirani, miezi tisa,
mwepesi kama debe tupu,
namfunga mgongoni, nahesabu pumzi zake njiani
kwa mgongo wangu mwenyewe.
Kwa muuguzi nilisema tarakimu moja tu.
Akaacha kalamu, akakimbia.

Jioni naikuta mia tano juu ya kaunta,
imekauka, imeacha duara la chumvi.
Nafungua daftari.
Nakaa na kalamu mpaka taa ya jirani inazimwa,
sijui niiandike upande upi:
wa mapato,
au wa ninayodaiwa.