Bajeti ya Uzi

Muthengi ana nambari tatu.
Kwa watu wa virusi, ghorofa ya pili, yeye ni 0417.
Kwa watu wa unga, ng'ambo ya barabara hapa Ngara, ni M-62.
Kwa wale wa kifua kikuu, waliohamia Pangani mwaka jana
na friji yao na sheria zao,
ni msururu wa herufi asioukumbuka mwenyewe;
ameuandika kwa kalamu ndani ya kofia.

Mkono wake wa kushoto umeishiwa mishipa.
Kerubo, muuguzi, huutafuta mmoja kwa kidole
kama mtu anayepapasa swichi stima ikipotea.
"Jumatatu walinitoa chupa mbili," asema Muthengi.
"Jumatano wengine. Leo wewe.
Damu yangu ina mikutano mingi kuniliko."
Tukacheka,
halafu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha.

Mimi si daktari. Ni karani wa takwimu,
mtu wa safu na mistari.
Usiku mmoja wa Julai, baridi imenishika magoti,
nilipanga madaftari matatu juu ya meza moja,
kazi ambayo hakuna aliyelipwa kuifanya.

Pangani: tarehe tatu, ameanzishwa dawa ya kifua.
Ng'ambo: tarehe kumi na mbili, analalamika arosto
ilhali amekunywa methadoni yake yote mbele ya dirisha.
Kwetu: tarehe kumi na nne, ameacha vidonge.
Sababu: haijulikani.

Haijulikani!
Dawa moja ilikuwa ikimla mwenzake tumboni,
mwili ukadai, miguu ikarudi kwa muuzaji,
na sisi, watu wa elimu, tukaandika
haijulikani, kwa mwandiko mzuri.

Asubuhi Kerubo alivuka barabara na karatasi mkononi,
viatu vya zamu, bila koti.
Kipimo cha methadoni kikaongezwa.
Huo ndio uliokuwa uratibu wetu wote:
mwanamke mmoja akingoja magari yapite.

Nikaomba pesa. Mstari wa kumi na nne, kiasi kidogo,
nusu ya bei ya friji ya Pangani:
mtu mmoja wa kuunganisha, meza moja,
chupa moja ya damu badala ya tatu.
Bi. Kathure wa uhasibu alikunja uso kwa huruma.
"Mwanangu, wafadhili hununua shanga.
Shanga hupigwa picha.
Nani amewahi kusifu uzi?"
Mstari ukarudi umekatwa kwa wino mwekundu,
na pembeni swali: *Hii ni ya nini hasa?*

Nilidhani Muthengi angekasirika kwa niaba yangu.
Badala yake aliivua kofia, akaigeuzageuza.
"Mkishaniunganisha," akauliza, "nani mwingine atanisoma?
Wale wenye pingu, nao watapewa ufunguo?
Nambari tatu zinanichosha, karani,
lakini mtu akiwa vipande
ni vigumu kumkamata mzima."

Sikuwa na jibu.
Nje mtu alikuwa akisukuma mkokoteni wa viazi,
akimlaani kila mwenye honi.
"Basi," akasema, "andika na pesa ya kufuli.
Na kiti kimoja kwenye hiyo meza yenu.
Cha mimi, au cha mwingine aliyewahi kutetemeka.
Nitakuja nimeoga."

Nimeandika upya.
Mstari wa kumi na nne: uzi.
Wa kumi na tano: kufuli.
Wa kumi na sita: kiti, nauli, chai.
Najua kalamu nyekundu inasubiri mezani kwa mtu
ambaye hajawahi kutafuta mshipa gizani.
Nimeacha nafasi pembeni,
aulize tena ni ya nini hasa.
Safari hii jibu nimelichapa mapema, kurasa mbili,
lenye tarehe tatu, kumi na mbili, na kumi na nne.

Jana Muthengi aliweka kofia juu ya mizani akipimwa uzito.
Nilichungulia ndani.
Herufi za Pangani zimefutika nusu.
Sijui ni yeye,
au ni jasho.