Mizani ya Mchopa

Kaka yangu Mchopa ana mizani ya kukunja,
inakaa mfuko wa shati pamoja na sigara.
Namungo yote wanamjua: hapunji, hapunjwi.
Juzi kaniwekea kisahani chake mezani.
"Haya, mtaalamu. Weka dhahabu yako tuone."

Nikacheka. Dhahabu yangu, Mchopa,
ukiikusanya ya mwaka mzima
haibadilishi hata sifuri ya mwisho.
Ni tembe mbili, na katikati nimeacha mwanya.
Unywele haupiti. Upasue mara elfu kumi,
uzi mmoja utapita kwa kujibana.

Humo naweka molekuli moja ya rangi.
Moja. Si punje, si tone.
Naimulika kwa leza; elektroni za dhahabu zinayumba pamoja
kama mchanga kwenye karai lako,
na yenyewe, iliyokuwa ikinong'ona,
inapaza: mwanga mwekundu,
kwa upande nilioutaka mimi.

Unakumbuka kifuniko cha bati
mama alichokiegemeza nyuma ya koroboi
mwanga uje kwenye madaftari yetu,
usipotelee ukutani?
Ndiyo kazi yangu. Nalipwa kwa kuegemeza kifuniko.

Akataka kujua kwa nini nisiigandishe kabisa,
dhahabu na rangi, kama zebaki inavyoshika.
Ikigusa, inazimika.
Dhahabu inaumeza mwanga wote, linabaki joto.
Ikikaa mbali, haisikiki.
Kuna mahali pamoja tu; miaka mitatu nimepatafuta.

"Na utajuaje ni moja?
Labda ziko kumi, zimejibanza."

Hapo nikakawia.
Zikiwa kumi zinafifia, Mchopa. Hii, halafu ile,
mwanga unashuka ngazi.
Ikiwa moja hakuna ngazi.
Inawaka, inawaka,
basi.

Nje mashine ya kusaga mawe ilikuwa inahema.
Hatukumtaja baba, wala duara namba nne,
wala tochi ya kichwani tuliyoiangalia ikishuka
alfajiri ile, sisi na chupa ya chai,
nyeupe, haijapungua hata kidogo.

Mchopa akakunja mizani.
Akaikunjua tena, akapuliza vumbi kwenye kisahani
ambacho hakikuwa na vumbi,
akaniuliza kama huko niliko
ugali wa muhogo unapatikana.