Waipa

Kliniki iko ghorofa ya pili, Al-Khoud,
juu ya duka la matairi. Kiyoyozi kinadondosha maji ndooni.
Bi Thuwaiba ananiambia: kichwa usikisogeze,
macho tu yafuate.
Vidole viwili, hina imebaki kwenye kucha,
kushoto, kulia,
kushoto.

Nikamwambia basi.

Yule wa kwanza, wa hospitali kubwa, alitaka niseme kwa Kiarabu.
Nilisema. Nilisema vizuri, kwa irabu zake zote,
kama mtoto anayesoma mbele ya darasa,
na hakuna kilichotoka.
Kwetu Kiarabu ni cha wageni na cha makaratasi.
Khalfan alipiga kelele kwa Kiswahili:
Dada, mlango!
Maneno mawili.

Siku ile kwetu hapakunyesha. Mvua ilikuwa ya milimani,
sisi tulikuwa na jua, na mkate wa moto mapajani.
Wadi haikubisha hodi.
Maji yaliporuka kiooni Khalfan akawasha waipa,
kana kwamba ni manyunyu.
Gari likageuzwa kama chapati,
na mbele ya uso wangu, ndani ya tope,
zilikuwa bado zinafanya kazi,
kushoto, kulia,
zikifuta nini, sijui.

Bi Thuwaiba hakuuliza kwa nini basi.
Alishusha mkono, akavuta kiti,
akawa ananigonga magoti, hili, kisha lile,
kama mtu anayesikiliza iwapo tikiti limeiva.
Nililia mpaka ushungi ukalowa.
Kati ya kumi, ngapi leo?
Kumi.

Wiki ya sita nikaviomba vidole mwenyewe.
Macho yakaenda, yakarudi, yakachoka,
yakaona waipa, yakaona mkono wa Khalfan,
halafu, hili sikulitegemea, yakaona mkate
unaelea, mzima, ndani ya mfuko wake wa nailoni,
nami nikacheka, Mungu anisamehe.
Ngapi?
Nikasema nne.
Akanitazama. Akaandika sita.

Nje teksi inanisubiri. Kioo kimejaa vumbi,
dereva ananyunyiza maji, anawasha.
Kushoto, kulia.
Nimeshika mlango.
Sijaufungua.
Sijauachia.